Kumtambua na Kumwelezea Utitiri Mwindaji wa Udongoni: Kutoka Kihambani hadi Kwenye Slaidi

Chota udongo wa juu chini ya migomba ya kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) huko Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, umwage kwenye sahani nyeupe, kisha utulie. Vidudu vya kwanza kutimua mbio, vya kahawia inayong'aa, vyenye umbo la tone la maji na urefu usiofika milimita moja, mara nyingi ndio hao: utitiri wawindaji. Usiwachanganye na utitiri mwekundu anayekausha majani ya nyanya. Hawa wa udongoni hula wenzao: nematodi, mabuu ya nzi wadogo weusi wa kwenye vitalu, pupa wa thripsi walioshuka ardhini kubadilika, na mayai ya chochote kisichoweza kukimbia.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kilimo, ofisa ugani au mtafiti chipukizi wa Arusha na Moshi anayetaka kujua amekamata nani, na kama hana jina bado, amwelezee ipasavyo. Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya mitambo. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: maelezo ya spishi hayaandikwi ili watu wakuamini. Yanaandikwa ili mtu mwingine, akiwa na utitiri wake Nairobi au Brazili, aweze kusema kwa uhakika, "wangu siye."

Ubishi wa jina una gharama. Kwa miaka mingi makampuni yaliuza utitiri wa udongoni kwa wakulima wa vitalu kwa jina la Hypoaspis miles, spishi ya Ulaya. Mwaka 2003 watafiti walipowachunguza upya wale wa sokoni Marekani ya Kaskazini, ikaonekana kwamba ni Stratiolaelaps scimitus, spishi iliyoelezwa mwaka 1956 kutoka Australia. Yaani kiumbe wa bara jingine alikuwa akimwagwa kwenye vitalu kwa karatasi za mwenzake. Nchi inayoruhusu au kukataa dawa hai (viumbe wanaotumika kuua wadudu waharibifu) kuingia mipakani haiwezi kupuuza kosa la namna hiyo, na mamlaka ya kwetu inayohusika na hayo, TPHPA, iko hapa hapa Ngaramtoni, Arusha.

Hatua ya 1: Ruhusa, mahali na lebo

Kihambani, mwenye shamba ndiye wa kwanza kuombwa. Piga hodi, eleza unachotaka, na usianze kuchimba kabla hajakuonyesha mpaka wake. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro au ya Arusha huchoti hata kijiko bila kibali. Ulizia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) mapema, maana vibali haviji kwa wiki moja. Kama unatarajia kupeleka vielelezo nje ya nchi, ulizia na hicho kibali siku hiyo hiyo.

Mahali pazuri ni pale penye kuoza taratibu: chini ya gogo la mgomba lililolala, kwenye tabaka la majani chini ya kahawa na miti ya mruka, ukingoni mwa mfongo (mfereji wa kumwagilia), kwenye samadi iliyopoa. Chukua sentimita tano za juu pamoja na majani yake. Wengi wanaishi hapo, ingawa kiangazi kikikaza huzama chini zaidi, kwa hiyo ukiweza nenda wakati wa masika au vuli. Tia kwenye mfuko, funga, weka kivulini. Mfuko ulioachwa kwenye dashibodi ya gari pale stendi ya Moshi saa saba mchana ni mfuko wa maiti.

Andika lebo papo hapo, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti. Nchi, mkoa, wilaya, kijiji, latitudo na longitudo zenye desimali nne (hiyo inakupa usahihi wa kama mita 11), mwinuko, mazingira, tarehe, jina la mkusanyaji. Mwinuko usiusahau. Ukanda wa vihamba unapanda kutoka kama mita 1,000 hadi 1,800, na ukitoka kwenye migomba ukaingia msituni unakuta udongo mwingine wenye wakazi wengine. Lebo inayosema "Moshi" tu haimsaidii mtu.

Hatua ya 2: Kuwatoa udongoni

Kifaa ni faneli ya Berlese, kutoka kwa Mwitaliano Antonio Berlese aliyeieleza mwaka 1905. Yeye alitumia maji moto. Mswidi Tullgren akaweka balbu mwaka 1918, na ndiyo tunayotumia hadi leo. Kanuni ni rahisi: udongo unakauka kutoka juu, utitiri wanakimbilia chini kwenye unyevu, chini wanakuta tundu na chupa ya spiriti.

Ya kujitengenezea inatosha. Kata chupa kubwa ya maji, geuza kichwa chini, weka wavu wenye matundu ya milimita mbili hivi, pakia udongo kwa tabaka jembamba, juu ning'iniza balbu, chini kinga chupa yenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Balbu iwe ile ya zamani ya nyuzi, wati 25 au 40. Balbu za LED zimejaa madukani lakini hazitoi joto la kufaa, utakaa wiki nzima ukiangazia udongo bure. Usianze na joto kali pia, maana udongo ukikauka ghafla wanyama wanafia humohumo kabla hawajashuka. Anza na balbu ikiwa juu, ishushe siku hadi siku. Siku nne hadi saba zinatosha. Umeme ukikatika usihangaike, udongo utaendelea kukauka wenyewe, ila pole pole.

Ukitaka baadhi wakiwa hai kwa jaribio la kulisha (hatua ya 7), kinga chini kwa karatasi yenye maji badala ya spiriti, na ukague mara kwa mara. Wawindaji wakikaa pamoja bila chakula huanza kulana.

Hatua ya 3: Kuchambua waliomo chupani

Mimina kwenye sahani ndogo ya kioo chini ya hadubini ya kuchambulia. Utaona soko zima. Weusi, wagumu, wa mviringo ni oribatida, walaji wa uozo. Weupe, laini, wazito kama wamevimba ni astigmata. Wenye mdomo mrefu uliochongoka mbele ni familia ya Bdellidae, nao wanawinda, lakini ni wa ukoo mwingine. Wale bapa wenye miguu iliyokunjwa ndani ya mashimo ya mwili, mithili ya kobe, ni Uropodina.

Unaowatafuta ni wa oda ya Mesostigmata (Uropodina nao wamo, ila siyo hawa). Alama yao: pande mbili za mwili, karibu na mizizi ya jozi ya tatu na ya nne ya miguu, kuna tundu moja la hewa kila upande, na kutoka hapo mfereji mwembamba unaoelekea mbele. Mfereji huo unaitwa peritrema, nitautaja tena.

Wahamishe kwa brashi nyembamba, siyo kibano. Weka wa aina inayofanana pamoja, na usitupe wengine. Mtu mwingine atawahitaji.

Hatua ya 4: Kusafisha na kupachika

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Utitiri aliyetoka kwenye spiriti ni wa kahawia, tumbo limejaa, huoni kitu ndani. Mtie kwenye asidi ya laktiki kwenye slaidi yenye kishimo, uipashe kwa joto la nyuzi 40 hadi 50, umtazame kila baada ya saa chache. Taratibu tumbo linafifia, miguu inalegea na kujinyoosha, na ngao za mwili (vipande vigumu vya ganda) zinabaki zikionekana kama vioo vya rangi ya chai. Mtoe wakati huo. Akizidi kukaa, hata ngao zinapauka na vinyweleo vinaanza kung'oka.

Mchanganyiko wa kupachikia unaotumika zaidi ni wa Hoyer: maji yaliyokenekwa (distilled) mililita 50, gundi ya arabuni gramu 30, klorali haidreti gramu 200, glisirini mililita 20, kwa mpangilio huo. Klorali haidreti ni sumu na ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi duka la pembejeo. Utaipata kupitia maabara ya chuo au taasisi. Weka tone dogo, zamisha utitiri, mlaze kifudifudi au chali na kichwa kikielekea kwako, kwa sababu hadubini kubwa inageuza picha. Funika kwa kioo chembamba bila kumponda. Panga wengine chali na wengine kifudifudi, utahitaji kuona pande zote mbili.

Kausha kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa wiki moja au mbili, kisha ziba ukingo wa kioo. Rangi ya kucha inatosha kwa slaidi za kujifunzia. Kwa kielelezo kitakachobeba jina la spishi tafuta vanishi ya maabara. Unyevu ukipenya, mchanganyiko wa Hoyer hulainika tena na baada ya miaka slaidi inakuwa matope.

Mmoja mmoja kwa slaidi. Usipange utitiri watano chini ya kioo kimoja ili kuokoa slaidi, utakuja kushindwa kusema holotaipu, yaani kielelezo hicho kinachobeba jina, ni yupi.

Hatua ya 5: Jike, dume au mtoto?

Kabla ya kuuliza "ni nani", uliza "ni wa umri gani". Maisha yao yana ngazi tano: yai, lava mwenye miguu sita, protonimfu, deutonimfu, na mkubwa. Spishi nyingi hutambulika kwa jike mkubwa, na funguo nyingi za utambuzi zimeandikwa kwa ajili yake.

Mlaze chali ukuzaji wa mara 400. Jike ana ngao ya kifua, kati ya miguu, na nyuma yake ngao ya uzazi iliyojitenga, inayofunika mlango wa kutagia. Dume hana ngao hiyo ya peke yake; tundu lake liko ukingoni mwa mbele ya ngao ya kifua, na kwenye koleo la mdomo kuna kidole cha ziada cha kupitishia mbegu. Deutonimfu anaonekana kama mkubwa, ana miguu minane, ila hana ngao ya uzazi wala tundu. Wanafunzi wengi hutangaza "spishi mpya" wakiwa wameshika deutonimfu.

Hatua ya 6: Familia, jenasi, na swali la upya

Sasa rudi kwenye peritrema. Ikiwa nyuma inajikunja kama kitanzi ndipo iungane na tundu la hewa, uko Macrochelidae, wale wanaosafiri wakining'inia kwenye mbawakawa wa samadi na nzi. Ikiwa ngao ya mgongoni imegawanyika mbili waziwazi, mbele na nyuma, pitia kwanza Rhodacaridae na jamaa zao. Ngao ya uzazi ya pembetatu, imebanwa na ngao mbili kubwa kando, na dume mwenye miiba minene kwenye mguu wa pili: Parasitidae. Ngao moja nzima mgongoni, ngao ya uzazi ya umbo la ulimi au chupa, ngao ndogo ya mkundu iliyojitenga yenye vinyweleo vitatu tu: hapo karibu kila mara ni Laelapidae, familia ya Stratiolaelaps na Gaeolaelaps, na ndiyo utakayokutana nayo sana vitaluni na vihambani. Ukucha mdogo ulio ndani ya papasio (kiungo cha kupapasia kando ya mdomo) nao unasaidia: Laelapidae una meno mawili, Macrochelidae na Parasitidae matatu.

Kutoka familia hadi jenasi utahitaji funguo zilizochapishwa na hesabu ya vinyweleo. Vinyweleo havihesabiwi ovyo. Kuna mfumo wa Lindquist na Evans wa mwaka 1965: safu za nusu ya mbele ya mgongo zinaitwa j, z, s, r kwa herufi ndogo, za nusu ya nyuma J, Z, S, R kwa herufi kubwa, na kila kinyweleo kina namba yake, j5, Z4 na kadhalika. Jenasi Gaeolaelaps, kwa mfano, kwa kawaida ina jozi 39 kwenye ngao ya mgongoni. Ukipata 38 upande mmoja, tazama upande wa pili kabla hujafurahi. Vinyweleo hukatika, na huacha kitundu cha mviringo mahali kilipoota. Kitundu kinahesabiwa.

Kisha swali gumu: ni mpya kweli? Jibu la kuanzia liwe hapana. Fuatilia kila spishi ya jenasi hiyo iliyoelezwa Afrika, halafu zile za mazao na samadi zilizosambaa dunia nzima, maana mkoa wetu umepokea miche, udongo wa vyungu na mifugo kutoka kila upande kwa zaidi ya karne. Usisahau vya zamani: Mswidi Yngve Sjöstedt alikusanya viumbe Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na Ivar Trägårdh akaandika sehemu ya utitiri iliyotoka mwaka 1908. Mtu anayetaja spishi mpya ya Kilimanjaro bila kuigusa kazi hiyo atarudishwa na mhakiki wa kwanza. Maelezo ya zamani yakiwa mafupi mno, omba picha au mkopo wa kielelezo chenyewe kutoka makumbusho inakohifadhiwa.

Vipimo vya DNA vinasaidia pale majike wawili wanapofanana mno. Kipande cha kawaida ni cha COI, jeni inayotumika kutambulisha spishi, kama herufi 658. Tumia njia isiyoponda mwili, ili ganda lipachikwe kwenye slaidi baadaye. DNA bila ganda haiwezi kulinganishwa na chochote kilichoelezwa kabla ya enzi hizi.

Hatua ya 7: Anawinda kweli?

Neno "mwindaji" lisiingie kwenye maelezo kwa sababu tu familia yake inawinda. Changanya jasi na unga wa mkaa, sehemu tisa kwa moja, umimine kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, uache ukauke, ulowanishe. Jasi inashika unyevu na mkaa unatoa weusi, hivyo utitiri wa kahawia na windo jeupe wote wanaonekana. Weka jike mmoja mwenye njaa, mpe windo la aina moja, mathalani nematodi au mabuu madogo ya nzi wa kitalu. Weka na vikopo vyenye windo bila utitiri, kwa sababu windo hufa lenyewe pia. Hesabu waliobaki baada ya saa 24. Ukibahatika kutazama tukio lenyewe, utaona makoleo mawili ya mdomo yakienda kwa zamu, moja linashika na jingine linarudi, mpaka buu linabaki ngozi.

Hatua ya 8: Kuandika maelezo

Pima kwa kipimo kilicho ndani ya lenzi ya jicho, baada ya kukisawazisha kwa slaidi ya vipimo kwa kila ukuzaji. Vipimo vyote kwa maikromita. Pima majike kumi ukiwapata, andika kima cha chini, cha juu na wastani, na idadi yao.

Mpangilio uliozoeleka: mgongo, tumbo, sehemu za mdomo, miguu. Mgongoni, urefu na upana wa ngao, michoro ya uso wake, umbo na urefu wa vinyweleo vikuu, na kama vinafikia mzizi wa kinachofuata. Tumboni, kila ngao kwa umbo, vinyweleo na vitundu vyake. Mdomoni, idadi ya meno kwenye kila kidole cha koleo, umbo la paa la mdomo, na safu za vijino kwenye mfereji wa chini. Miguuni, idadi ya vinyweleo kwenye kila pingili, hasa goti na pingili inayolifuata. Evans alitoa mfumo wa kuvihesabu vya miguuni mwaka 1963. Ukiweza, mweleze pia dume na watoto. Mweleze kila mmoja peke yake, kwani maelezo yaliyochanganya jike na deutonimfu hayatumiki.

Chora. Picha ya kamera haitoshi, kwa kuwa inaonyesha tabaka moja tu la kina kwa wakati mmoja, nawe unahitaji kila kinyweleo mahali pake. Tumia kioo cha kuchorea kinachofungwa kwenye hadubini, au fuatisha juu ya picha kadhaa za vina tofauti. Weka mstari wa kipimo kwenye kila mchoro.

Aya muhimu kuliko zote ni ile ya utofautisho: spishi yako inafanana na zipi, na inaachana nazo wapi hasa. Ukiandika "ni kubwa kidogo" hujatofautisha. Andika "Z5 ni lainilaini bila vijino, ilhali kwa fulani ina vijino upande mmoja", mtu akaenda kutazama.

Hatua ya 9: Jina na uchapishaji

Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, toleo la nne, inatumika tangu 1 Januari 2000. Inataka uteue holotaipu waziwazi na utaje mkusanyo utakamohifadhiwa. Bila hivyo jina halihesabiwi. Chagua taasisi inayotunza slaidi na kuzikopesha. Gawa parataipu (vielelezo vingine vya spishi hiyo ulivyotumia kwenye maelezo): baadhi zibaki nchini, nyingine ziende kwenye mkusanyo mkubwa wa utitiri, kama ule wa Pretoria.

Jina la mahali huishia -ensis kwa jenasi za kiume kama Gaeolaelaps; la kumuenzi mtu huishia -i kwa mwanamume na -ae kwa mwanamke. Kwanza hakikisha jina hilo halijatumika ndani ya jenasi hiyo. Kilimanjaro limevutia wengi, na huenda likawa limeshachukuliwa. Jarida likiwa la mtandaoni tu, kazi lazima isajiliwe ZooBank (rejista rasmi ya majina ya wanyama) kabla ya kutoka, na namba ya usajili ionekane ndani yake. Ndivyo ilivyo tangu 2012.

Wahakiki wakikurudishia wakisema utitiri wako ni spishi iliyoelezwa zamani kutoka Kongo au Afrika Kusini, tazama tena slaidi ukiwa na maelezo hayo mkononi. Wakiwa sahihi, geuza andiko: rekodi mpya kwa Tanzania, pamoja na maelezo upya, michoro, mazingira na anachokula. Vielelezo ni vilevile na vipimo ni vilevile; kinachobadilika ni kichwa cha habari na aya ya jina.